Shubiri Moja Juu ya Maji

Ukitaka kujua sisimizi wa bonde oevu la mlimani anaishi wapi, anza kwa kupima kimo kutoka usawa wa maji. Orodha ya majina na ramani zitafuata baadaye. Vidole viwili juu ya maji hukuti kiota. Shubiri moja juu ya maji, penye jua la asubuhi, unakuta malkia, mayai, mabuu na vibarua mia kadhaa wakiendelea na shughuli zao. Nimeyajifunza haya nikiwa nimepiga magoti kwenye matope ya Usambara, kwanza kama msaidizi wa watafiti na wanafunzi waliokuja Lushoto na Amani kusoma wadudu, kisha kwa kuendelea mwenyewe walipoondoka, kwa sababu kazi ile ilikuwa imeshaniingia moyoni.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Anayeifahamu milima yetu anajua jinsi miteremko ilivyo mikali, na jinsi chini kabisa, kati ya mlima na mlima, kunavyokuwa na ukanda mwembamba wa ardhi tambarare ambamo maji hukusanyika. Hapo zamani palikuwa na matete, ndago na mafunjo. Leo sehemu kubwa ni kabichi, karoti, nyanya na pilipili hoho zinazopakiwa kwenye malori usiku kwenda Dar es Salaam. Lakini penye chemchemi, na kwenye mabonde ya juu karibu na misitu ya hifadhi, bado kuna vipande vya ardhi ambavyo ukikanyaga mguu unazama hadi kwenye kifundo, na maji ya baridi yanajaa kwenye alama ya unyayo kabla hujaunyanyua mguu wa pili. Hivyo vipande ndivyo ninavyovisemea hapa.

Watu wengi hudhani adui mkuu wa sisimizi mahali kama hapo ni maji. Maji ni adui kweli, ila baridi humtesa zaidi. Mwili wa sisimizi hauna joto lake wenyewe. Hupata joto kutoka kwenye udongo, jiwe, gogo au jua. Mkubwa anaweza kuvumilia asubuhi ya baridi akajikunja akasubiri. Yai na buu vikikaa kwenye baridi havikui, na koloni isiyokuza watoto inakwisha. Udongo uliolowa hupata joto polepole sana, na maji yanapogeuka mvuke yanaondoka na joto. Kwa hiyo bonde oevu la mlimani lina matatizo mawili yanayosaidiana: linafurika, na hata lisipofurika halipati moto. Kila unapopanda mita 100 joto la hewa hupungua kwa takribani nyuzi 0.6. Tofauti kati ya ufukwe wa Tanga na vilele vya Magamba, karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hesabu hiyo inapita nyuzi 12. Mwenyeji wa Lushoto hahitaji hesabu. Aliyelala hapa mwezi wa saba anajua.

Ndiyo maana safari ya kutoka pwani kwenda juu ni somo zuri kwa mtu anayeanza. Ukiwa Muheza, kwenye michungwa na miembe, unawakuta majimoto, wale wekundu wanaoshona majani kwa uzi wa mabuu yao. Mchuma machungwa yeyote wa Muheza atakuonyesha ngozi ya mkono. Hao ni walinzi wakubwa. Kwenye minazi ya pwani yetu na ya Zanzibar imejulikana tangu miaka ya 1950 kwamba majimoto wakistawi, yule mdudu anayefyonza nazi changa na kuzifanya zidondoke hupungua, na kwamba sisimizi wadogo wa ardhini wenye askari wa vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, wakitawala chini ya mnazi huwafukuza majimoto. Yaani hata kule pwani kwenye joto, sisimizi hawakai popote wapendapo. Kila mti una mwenyewe.

Panda Amani, karibu mita 900, uingie msituni. Huku siafu ndio watawala wa njia. Julius Vosseler, mtaalamu wa wadudu katika kituo cha utafiti ambacho Wajerumani walikianzisha Amani mwaka 1902, aliandika habari za siafu wa Afrika Mashariki mapema kabisa, mwaka 1905, na ukisimama kwenye njia za huko leo utaelewa kwa nini walimvutia. Mstari ukifika mahali penye jua kali wanainua kuta za udongo pande mbili, wakati mwingine na paa, ili wasikauke. Chini ya magogo yaliyooza kuna wenye taya za mtego, ambazo hufunga kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwenye majani makavu yaliyolowa chini ya miti kuna wadogo mno wa jamii ya Strumigenys, wanaowinda vidudu rukaji vya kwenye unyevu; bila kuchekecha majani juu ya kitambaa cheupe huwezi kuwaona, na mimi kila nikimwona mmoja bado nafurahi.

Ukizidi kupanda, aina zinapungua. Hili si la Usambara peke yake; milima mingi ya ukanda wa joto iko hivyo, na ukipita mita 2,000 sisimizi huwa wachache hadi unajiuliza kama umeangalia vizuri. Majimoto sikuwahi kuwaona kwenye mabonde ya juu ya Lushoto. Magogo yaliyo msituni kwenye kivuli kizito, ambayo Amani yangejaa viota, huku juu mengi ni matupu. Sisimizi wanahama kutoka kivulini kwenda penye uwazi, chini ya mawe na kwenye kingo za misitu. Wanafuata jua.

Sasa fikiria mahali penye uwazi, jua la kutosha, lakini pamelowa. Hapo ndipo bonde oevu linapoanza kuvutia.

Ndago za mlimani, zikiachwa miaka bila kukatwa wala kuchomwa, hazioti kama zulia. Kila shina hukua juu ya mizizi na majani yake yaliyokufa, kinainuka kishungi, kingine cha kimo cha goti. Kati ya kishungi na kishungi kuna maji au tope jeusi. Juu ya kishungi kuna mchanganyiko wa mizizi mikavu na majani yaliyofungamana, wenye vijishimo vingi vya hewa. Nilipewa kipimajoto cha udongo siku za mwanzo nikaambiwa nikichomeke kwenye tope, kisha kwenye kishungi. Asubuhi yenye jua, tofauti unaihisi hata kwa kidole: tope ni baridi ya kuumiza, kishungi kina uvuguvugu. Na viota vilikuwa kwenye vishungi. Siyo vyote. Vile vilivyosimama juu vya kutosha, na zaidi upande wa mashariki, kwa sababu milima yetu mara nyingi hufunikwa na mawingu au ukungu mchana. Jua la uhakika ni la asubuhi, na sisimizi wanalijua hilo kuliko mgeni anayefika saa nane na kulalamika kwamba bonde halina kitu.

Ndani ya kishungi kimoja mpangilio unabadilika kwa saa. Asubuhi na mapema mabuu wako ndani, katikati. Jua likishika, vibarua wanawapandisha karibu na ncha, chini tu ya majani makavu. Ukifunua taratibu wakati huo unakuta weupe umejaa juu. Jioni wanashushwa. Masika, maji yakipanda, wanapandishwa tena, safari hii kwa ajili ya uhai wao. Nimewaona wakibeba mayai hadi ndani ya mabua makavu ya matete, yale yaliyovunjika na kuacha tundu.

Mama mmoja anayelima bonde jirani na nilikokuwa nikifanya kazi alinikuta nimeinama hapo. Nilimsalimu, "Shikamoo mama," akaitikia, kisha akasimama na jembe lake begani akaniangalia sana.

"Mwanangu, hao wanakulipa?"

"Wananifundisha, mama."

"Basi wakufundishe na hili. Ukiona wamepandisha mayai kwenye matete, usimwage mbegu siku hiyo. Itachukuliwa na maji."

Ninayaheshimu maneno yale. Nimeyafuatilia, na ninavyoona mimi sisimizi hatabiri mvua ya kesho; anahisi maji ambayo tayari yanapanda chini ya kishungi kabla sisi hatujayaona juu ya tuta. Kwa mkulima matokeo ni yaleyale. Kwenye bonde letu maji yanaanza kujaa chini kwa chini, yakitoka kwenye mteremko, kisha ndipo yanatokea juu. Mdudu anayeishi kimo cha shubiri moja lazima awe wa kwanza kupata habari.

Kuhusu mitego nina mengi ya kusema, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona watu wenye elimu nzuri wakipata picha isiyo sahihi. Mtego wa kawaida ni kikopo cha plastiki kinachofukiwa hadi mdomo wake ulingane na udongo, kinatiwa maji kidogo na tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili mdudu azame badala ya kutembea juu ya maji. Kwenye bonde oevu kikopo kinaelea. Shimo linajaa, kikopo kinanyanyuka, na mvua moja tu inachukua kila kitu. Tulijifunza kukifunga kwenye kigingi na kukiweka ndani ya kishungi chenyewe, sio katikati ya vishungi. Lakini tatizo kubwa halikuwa hilo. Kikopo kinanasa mpita njia. Kiangazi, maji yakipungua, sisimizi wakubwa weusi wa jamii ya Camponotus hutoka kwenye kingo za msitu usiku na kupita juu ya matete yaliyolala, hadi katikati ya bonde, kutafuta chakula. Ukihesabu vikopo utasema wanaishi katikati ya bonde. Hawana hata kiota kimoja huko. Wanarudi ukingoni kabla ya jua kupanda.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta viota kwa mikono, kishungi kwa kishungi, tukiandika tulivyovikuta na tusivyovikuta. Kazi ya kuchosha mgongo. Ndiyo pekee iliyotofautisha mkazi na mgeni. Na kwenye vikopo tuliacha kuhesabu vichwa. Tulihesabu ni vikopo vingapi vimepata aina fulani. Kikopo kimoja kikiwa jirani na mlango wa kiota kinaweza kujaa mamia ya aina moja, na ukijumlisha vichwa hao mamia wanameza ukweli wote wa bonde. Chambo nacho kina upendeleo wake: samaki wa kopo mwenye mafuta huwaita wenye nguvu na wepesi wa kuitana, nao huwafukuza wapole. Ninapendekeza njia zote tatu pamoja, na ukilazimika kuchagua moja kwenye ardhi iliyolowa, chagua magoti na mikono yako.

Ukiweka matokeo sawasawa, bonde linagawanyika kwa mikanda. Ukingo wa juu, mteremko unapokutana na tambarare, ndiko kwenye aina nyingi, kwa sababu wa msituni, wa shambani na wa bondeni wote wanakutana hapo. Kisha kuna ukanda wa vishungi virefu, wenye aina chache lakini viota vingi. Kisha katikati, penye maji ya kudumu na vishungi vifupi, karibu hakuna kitu isipokuwa kama kuna mti au gogo lililosimama. Mti mmoja tu katikati ya maji, hata mkavu, una koloni yake: mara nyingi ni wale wenye tumbo mfano wa moyo, wanaolibinua juu ya mgongo ukiwagusa, Crematogaster. Hao hawajali kilichoko chini. Kwao bonde ni kitu cha kutazama kutoka juu.

Nilishangazwa zaidi na mashamba. Nilitegemea kabichi iwe jangwa kwa sisimizi. La. Mtu akichimba mfereji, akatoa maji, akainua matuta, ametengeneza pia makazi: udongo mkavu, ulio wazi, unaopigwa na jua. Kwenye matuta tulikuta sisimizi wengi, na wakati mwingine aina nyingi kuliko kwenye vishungi vya ndago hatua chache kutoka hapo. Wale wenye vichwa vikubwa wamo, na wadogo weusi wamo, wakipanda kwenye kabichi kulamba utamu unaotolewa na wadudu mafuta na kuwalinda dhidi ya maadui wao. Mkulima akiona sisimizi juu ya kabichi asiwamwagie sumu wao. Aangalie chini ya majani, wadudu mafuta wamekaa wapi.

Mtu anayependa tarakimu anaweza kusimama hapo akasema kumbe kukausha bonde kumeongeza aina za sisimizi, basi hakuna hasara. Nimeusikia usemi huo na unaniuma. Wale wa kwenye tuta unawakuta uani kwangu, kando ya barabara, kwenye uwanja wa mpira, hadi kule Muheza. Wale wa kwenye kishungi, ukiondoa kishungi, hawana pa kwenda. Mteremko una kivuli na katikati kuna maji. Ulaya wana mfano ulio wazi. Kuna sisimizi mweusi anayeng'aa, Formica picea, ambaye katika nchi kama Uingereza hukaa kwenye ardhi ya kinamasi chenye kuvumwani, vile vimea laini vinavyonyonya maji kama sponji, na hujenga ndani ya vishungi vya nyasi juu ya maji. Vinamasi vilipokaushwa, yeye alitoweka sehemu nyingi huku ndugu zake wa maeneo makavu wakiingia. Idadi ya aina haikukwambia kitu. Swali ni nani amebaki na nani ameondoka.

Kuna wengine duniani walioamua kuishi na maji moja kwa moja. Sisimizi wa moto wa Amerika Kusini, ambao asili yao ni nyanda zinazofurika za mto Paraguay, maji yakija hushikana miguu na taya wakawa chelezo kimoja, malkia na mabuu wakiwa juu, wakaelea hadi nchi kavu. Huko Australia kuna Polyrhachis sokolova anayejenga kwenye tope la mikoko. Bahari ikijaa kiota chake hufunikwa, na hewa inayonaswa ndani ya vyumba ndiyo anayoitumia hadi maji yatoke. Nilipoyasoma hayo nilishuka Tanga kuangalia mikoko yetu kwa macho mapya. Nilichokiona ni sisimizi wakaao juu, kwenye matawi na mabua yenye tundu, na wanaoshuka kwenye tope maji yakitoka. Wa kwetu, mlimani na pwani, wanakimbilia juu. Kupanda ndiko ujuzi wao.

Ndiyo maana nasisitiza kimo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa, na mimi naiunga mkono. Mto Sigi unaoanzia milima ya Amani ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na jiji la Tanga linakunywa hapo; mtu wa Chumbageni au Ngamiani anayefungua bomba ana deni kwa bonde ambalo huenda hajawahi kuliona. Lakini nimeona mita 60 zikiheshimiwa kwa kamba huku ndani yake ndago zinafyekwa kila mwaka kwa ajili ya mifugo, au zinachomwa kiangazi ili zichipue laini. Kwa jicho la mtu aliyesimama barabarani bonde bado ni la kijani. Kwa sisimizi ni tambarare tupu iliyolowa. Kishungi cha kimo cha goti ni kazi ya miaka mingi, na moto mmoja unakirudisha kuwa kijani cha vidole viwili.

Yule mama wa jembe analo eneo kama hilo kwenye kichwa cha shamba lake, chemchemi na ndago zake, ndogo tu. Nilimuuliza kwa nini hakati, na majani yana bei.

"Mama mkwe alinikabidhi chemchemi ikiwa na ndago," alisema. "Majirani waliofyeka, zao zinakauka Desemba. Yangu bado natekea."

Sina kipimo cha kuthibitisha kwamba ndago peke yake ndiyo sababu. Mteremko wake una miti na wa majirani hauna. Lakini vishungi vya eneo lile dogo vilikuwa na viota vingi kuliko bonde zima lililo chini yake, na hilo nimelihakiki mwenyewe masika na kiangazi.

Kwa kijana atakayekwenda kufanya kazi hii Magamba, Mkuzu, Amani au kwenye bonde lolote la kwao: pamoja na tarehe na mahali, andika kimo cha kiota kutoka usawa wa maji, upande wa kishungi kilipo, saa uliyokifungua, na kama jua lilikuwa limekifikia. Fungua kishungi upande mmoja tu, kwa mikono, kisha ukifunike kama ulivyokikuta. Rudi masika kwenye vishungi vilevile ukapime tena, hata kama mvua inanyesha. Orodha za majina makumbusho yanazo. Vimo vya viota vya mabonde yetu bado havijaandikwa, na mabonde yenyewe yanalimwa kila msimu.